Beki wa Kulia, Karani wa Stoo

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ninyi wa Msimbazi na wa Jangwani, Simba na Yanga, nawasalimu pia, maana ile nayo ni dini. (Kicheko.)

Mwalimu amenitambulisha kama nguli wa soka. Asante, mwalimu, lakini humu ndani wamo wazee walioniona nikicheza, na nimewaona wakitazamana. Mimi nilikuwa beki wa kulia wa timu ya shirika, hapahapa Morogoro, kuanzia 1983 hadi 1990. Jezi ya Taifa Stars sikuivaa. Niliitwa kambini mara moja, nikakaa siku nne, nikarudishwa nyumbani na nauli mkononi. Ukienda sokoni leo ukauliza habari zangu, utaambiwa jambo moja tu: "Si yule aliyejifunga?" Ndiye mimi. Tutafika huko.

Kwanza niwaeleze timu ya shirika ni kitu gani, kwa sababu ninyi vijana mmekuta ligi ina wadhamini na mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni. Enzi zetu ligi ya juu iliitwa Daraja la Kwanza. Ukiwatoa wale wakubwa wawili wa Kariakoo, timu nyingi zilikuwa na baba anayezilisha: reli, bandari, pamba, magereza, sigara. Mchezaji hakuwa na mkataba wa mpira. Alikuwa mwajiriwa. Unaandikwa tarishi, fundi bomba, mlinzi; asubuhi unasaini daftari la mahudhurio, saa nne unatoroka kihalali kwenda mazoezini, mwisho wa mwezi unapanga foleni dirishani na wenzako. Barua yangu ilisema "Karani Msaidizi wa Stoo". Nilipoisoma nilicheka. Stoo? Mimi?

Msinione nilikuwa na majivuno ya bure. Kichwani mwangu kulikuwa na redio. Mwaka 1979 nina miaka 15, Taifa Stars wamekwenda Ndola wakiwa wamewafunga Zambia bao 1-0 Dar es Salaam. Zambia wakapata bao lao, nyumba nzima ikanyamaza, halafu Peter Tino akasawazisha. Tumefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika! Baba yangu hakuwa mtu wa kushangilia. Siku ile alitoka nje akaizunguka nyumba mara mbili, kandambili mguu mmoja. Machi 1980 kule Lagos tukafungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja. Lakini mimi sikusikia vipigo, nilisikia majina ya watu yakitajwa redioni. Nikasema, jina langu nalo litasomwa. Mtu mwenye ndoto hiyo unampa leja ya stoo aifanyie nini?

Raha ilikuwepo, nisiwadanganye. Mechi za ugenini tulikwenda kwa treni. Ukipangiwa Mwanza unapanda hapa usiku, unashinda njiani, unalala tena humohumo, Tabora mabehewa yanakatwa na kuunganishwa upya huku mnanunua asali dirishani, na ukiteremka Mwanza miguu imevimba kama ya mjamzito. Kesho yake unakutana na winga wa Pamba aliyelala kwao. Daluga zilikuwa za kugombania. Mimi na beki wa akiba tulikuwa na jozi moja, namba nane, na yeye mguu wake ni namba tisa. Akiingia badala yangu tunakaa pembeni ya mstari, navua, anavaa huku anauma meno, mwamuzi anatusubiri. Mwaka 1984, nchi ikiwa haina kitu madukani, tulishinda mechi moja ngumu tukapewa kila mtu mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Mnacheka. Mama yangu alisema ndiyo siku ya kwanza ameona faida ya mpira.

Na ilikuwepo kamati ya ufundi. Wazee wanajua kamati ile haikushughulika na ufundi wowote. Niliwahi kuruka ukuta wa uwanja saa saba mchana kwa sababu geti, tuliambiwa, wenzetu wameshalifunga kwa uchawi. Nikachana bukta. Tukafungwa tatu.

Mikoani hatukuwa wasindikizaji. Tukuyu Stars, vijana wa Rungwe, walipanda daraja na mwaka 1986, msimu wao wa kwanza, wakabeba ubingwa. Mwaka 1988 ukaenda Tanga kwa Coastal Union. Hata hivyo macho yetu yote yalikuwa Kariakoo. Viongozi wa kule walikuwa wanakuja kimyakimya, wanakaa jukwaani na kaunda suti zao, hawaandiki kitu, wanatazama tu. Habari inawatangulia: "Leo wapo." Siku hiyo hata mchezaji wa akiba anapaka mafuta miguuni.

Basi mwaka 1987, Uwanja wa Jamhuri, tunacheza na mmoja wa hao wakubwa wawili. Sitasema yupi, nisije nikapoteza nusu ya ukumbi. Dakika za mwisho, tuko sare ya bao 1-1. Ikapigwa krosi kutoka upande wangu wa mbali, mpira unashuka katikati yangu na golikipa. Nikauwahi, nikaupiga, ukagonga ugoko ukaingia nyavuni kwetu. Kwa miaka yote hii nimewaeleza watu kwamba golikipa alipiga kelele nimwachie, lakini uwanja ulikuwa unavuma, sikumsikia. Wamenielewa. Wengine wamenionea huruma.

Turudi stoo. Kulikuwa na mzee pale, mkuu wangu, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Wachezaji wa idara nyingine walisaini na kuondoka. Mimi alinizuia mlangoni kila asubuhi: "Kijana, bolti za nusu inchi zimebaki ngapi?" Nikisema sijui, siendi. Nahesabu kwanza, naandika kwenye kadi, nalinganisha na leja, ndipo ananiruhusu. Nikamshtaki kwa kocha. Kocha akaja mwenyewe, mtu mzito, anatisha, wakaongea nje dakika tano, akarudi na kuniambia, "Kahesabu bolti." Nilimchukia yule mzee kwa miaka saba kamili.

Mwaka 1990 goti likaondoka. Halikuwa pambano kubwa. Mechi ya kirafiki, uwanja wa changarawe, hata hakunigusa mtu. Mguu ulikwama, mwili ukageuka. Wakanichua, wakanichoma sindano ya maumivu, nikacheza mechi mbili nyingine, na hizo mbili ndizo zilizonimaliza. Daktari alisema gegedu imechanika na mshipa wa ndani umekatika, kinachotakiwa ni upasuaji. Kiongozi mmoja akaniambia faili langu linashughulikiwa. Lilishughulikiwa miezi saba. Sitaji mtu; wengine wametangulia, na mmoja aliyebaki tunapeana mikono Ijumaa. Lakini kila nikipanda ngazi goti hili linamtaja kwa jina. (Kicheko.)

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, serikali ikaanza kuyauza mashirika ya umma. Timu zilikuwa za kwanza kukatwa. Nani mwenye mali mpya atalipa mishahara ya watu 25 wanaoondoka kazini saa nne? Meneja aliyeletwa alipita idara kwa idara akiuliza swali moja: huyu anafanya kazi gani? Kwa wenzangu, wakuu wa idara walitazama chini. Mtu amekaa miaka kumi kwenye karakana, spana hajui inashikwa vipi. Hakuwa mvivu; hakuna aliyewahi kumtaka ashike. Orodha ilipobandikwa ubaoni ilikuwa karibu timu nzima, ilikosa kocha tu na mimi.

Alipofika stoo, yule mzee alimjibu, "Huyu ndiye anayejua kilipo kila kitu." Maneno hayo sikuyasikia mwenyewe, nilisimuliwa na tarishi. Nikabaki miaka mitatu zaidi, kazi yenyewe ikiwa ni kuhesabu mali ili iuzwe. Nilihesabu stoo yangu mpaka ikaisha. Wakanipa kiinua mgongo, ambacho kilitosha mabati ya nyumba na si milango. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi kule Msamvu akaniita nimtunzie leja, nikakaa kwake miaka 22. Watoto wangu wanne wamesomeshwa na bolti.

Winga wetu wa kushoto, aliyekuwa na mbio ambazo mpaka leo sijaziona kwa mtu, alikuwa mlinzi wa gereji. Tulimzika 2001. Tulipobeba jeneza nikagundua tumejipanga kila mtu upande aliokuwa akicheza, na hakuna aliyesema tufanye hivyo.

Mama aliyeniuliza pale mlangoni kama amruhusu kijana wake aache shule aingie kambini: nakujibu mbele ya watu, hapana. Najua utaniambia habari za Samatta. Samatta ametoka Simba akaenda TP Mazembe, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, akaenda Genk, akafika Aston Villa 2020, na tunamshukuru Mungu. Hesabu waliokuwa naye mazoezini Mbagala. Wa kwako aende kambini na madaftari yake. Siku akiletewa mkataba, asiuangalie mshahara kwanza; atafute sehemu inayosema nani analipia goti. Kama haipo, aulize. Wakikasirika, ameshajibiwa.

Machi 24, 2019 nilikuwa kibanda umiza, banda la kuonyeshea mechi, kule Mji Mpya, nimekaa kwenye benchi na watoto ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa Lagos. Tunahitaji kuifunga Uganda ili turudi Kombe la Mataifa ya Afrika. Msuva akafunga, Erasto Nyoni akafunga kwa penalti, Aggrey Morris akaweka la tatu. Miaka 39! Watoto wanaruka, benchi likaanguka, mimi nimekaa chini vumbini nalia, na mmoja akaniuliza, "Babu, umeumia?"

Usiku ule nilikwenda kwa golikipa wangu. Anakaa Mwembesongo, ndiye yule pale safu ya pili mwenye kofia. Tulikunywa kahawa mpaka saa sita, na nilitaka kumwambia jambo, nikashindwa. Acha nimwambie leo, kwa kuwa mbele yenu hawezi kunipiga.

Siku ile walikuwa wamekuja. Wawili, kaunda suti, jukwaa kuu. Nilikuwa nimewaona tangu dakika ya kwanza. Na wewe ulipiga kelele, "Acha, yangu!" mara mbili. Nilikusikia zote mbili. Nilitaka wanione mimi nikiuondoa.

(Makofi. Golikipa anasimama, anavua kofia, anakaa.)

Haya, mwalimu, twende kwenye maswali. Mwenye kofia asianze yeye.