Usituambie Tu Kwamba Kilikuwa Kitamu

Mhadhara kwa vijana wanaoandika mapishi, safari na kazi za mikono

Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi mliojibana kule nyuma, mambo vipi? Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie mambo manne kwa mpigo: ubunifu, teknolojia, chakula na safari. Nilipopata mwaliko nilidhani waandaaji wameshindwa kuchagua. Baadaye nikaona kwamba wengi wenu mnaandika hayo hayo, wengine kwenye daftari, wengine kwenye simu, na ukikaa nayo unagundua hayaachani. Chombo cha safari kikibadilika, na chakula cha njiani kinabadilika. Kwa hiyo sitayagawa mafungu. Nina neno moja tu leo: mnapoandika mlichokula, mlikopita na mlichokiona kikitengenezwa, punguzeni kusifu, zidisheni kueleza kinavyofanyika.

Nimesoma maandishi ya baadhi yenu. Msikasirike. "Tulikula pweza mtamu balaa. Mandhari ya kuvutia. Wenyeji wakarimu sana." Haya. Pweza gani huyo? Amechomwa, amechemshwa, au ametiwa nazi? Amelainishwaje, maana pweza asipopigwa vizuri unatafuna mpaka taya zinauma? Kipande bei gani? Na supu ilikuja kwenye kikombe au kwenye bakuli? Hayo yote ulikuwa nayo mbele ya macho, ukayaacha, ukatuletea "balaa". Msomaji wa miaka hamsini ijayo atafanya nini na balaa yako?

Sasa mwangalieni mtu mmoja aliyepita pwani hii mwaka 1331. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, Moroko. Alishuka Mogadishu, akaja Mombasa akalala usiku mmoja, akaendelea hadi Kilwa. Wapo wanaotilia shaka baadhi ya safari zake nyingine, na mimi sina ugomvi nao. Lakini sikilizeni alivyokieleza chakula alichopelekewa Mogadishu. Wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mti. Juu yake mchuzi: kuku, nyama, samaki, mboga. Pembeni, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kwenye chombo kingine maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Tena anaeleza embe lenyewe: likiiva ni tamu, linaliwa kama tunda, likiwa bichi ni kali kama ndimu, wanalitia kwenye siki. Halafu anaongeza kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: mtu akila tonge la wali, analifuatisha na kidogo cha hivyo vya chumvi na ukali.

Hilo tonge likifuatishwa na achari, nani humu hajalila? Ni zaidi ya miaka mia sita na tisini, na mkono unafanya vilevile. Tumelijua hilo kwa sababu mtu alieleza mkono unakwenda wapi. Angesema tu "walitukirimu", tungekuwa hatuna kitu.

Na maelezo ya namna hiyo yanabeba hata asichokijua mwandishi mwenyewe. Angalia hiyo pilipili. Pilipili kali tunazopanda leo, pilipili mbuzi na jamaa zake, asili yake ni Amerika. Mwaka 1331 zilikuwa hazijavuka bahari. Mahindi vivyo hivyo, muhogo vivyo hivyo, nyanya pia. Kwa hiyo pilipili ya Ibn Battuta haikuwa hii yetu, ilikuwa ya jamii ya pilipili manga. Nyanya unayoikaangia kitunguu kila siku, mwenyeji wake hakuwahi hata kuiona. Yeye hakuandika historia ya mazao. Aliandika chakula cha siku moja, kwa vitu vyake, nasi tunachota historia humo.

Mombasa hakukaa, lakini alishika mawili matatu: wanakula sana ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka nje ya kisiwa, misikiti ni ya mbao iliyojengwa vizuri sana, na mlangoni pa msikiti kuna kisima kifupi ambacho maji yake yanatekwa kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba wa dhiraa moja. Usiku mmoja! Na akaona mpini. Sasa wewe umekaa Zanzibar wiki nzima umeona machweo tu.

Kitabu chenyewe hakukiandika kwa mkono wake, alimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, kikamalizika mwaka 1355. Na sisi wenyewe tunao wasafiri wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, aliandika safari yake ya Udoe na Uzigua na mengi juu ya maisha ya pwani. Salim bin Abakari, Mngazija, aliandika safari aliyofuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwishoni mwa karne ya 19. Maandishi hayo yalichapishwa Ujerumani mwaka 1901 na 1903, na jina lililokuwa juu ya jalada ni la aliyeyakusanya, Carl Velten. Nitawaachia hilo mlitafune wenyewe.

Twende jikoni. Nina shangazi yangu Pangani, fundi wa mkate wa kumimina. Siku moja nilikaa naye jikoni na daftari.

"Shangazi, tui kiasi gani?"

"Kiasi chake, mwanangu."

"Kiasi chake ndiyo vikombe vingapi?"

"We mtoto! Tui linategemea mchele. Mchele mpya unakunywa kidogo, wa zamani unakunywa sana. Sasa mimi nikutajie vikombe, najua wewe utanunua mchele gani?"

Ukiangalia vizuri, amenijibu kisawasawa, tena kwa sababu zake. Lakini nilitaka na vikombe. Nikamwomba kila anachotia kipite kwanza kwenye kikombe changu. Akacheka, akakubali, huku ananiona kero. Basi nikaandika: mchele umelala majini usiku kucha, ukasagwa na tui zito kwenye blenda. Zamani, anasema, ulikuwa unatwangwa na kuchekechwa. Akichovya vidole viwili anausugua uji. Akisikia chenga, unarudi kwenye blenda. Hamira, sukari, iliki. Unafunikwa mpaka uumuke. Kabla ya kumimina anauinua kwa upawa na kuuachia: ukishuka kama uzi usiokatika, uko tayari, ukidondoka vipandevipande, bado ni mzito. Sufuria inapakwa samli na kupashwa moto kwanza. Chini makaa machache. Uso ukianza kutoka matundu, anafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko.

Hapo kwenye kupalia nikasita. Nyumba ya bintiye, mtaa huohuo, wanapikia gesi. Gesi hupalii. Yule binti anageuza mkate kwenye kikaango, au anaumalizia kwenye oveni, na unatoka vizuri tu, lakini ni kazi nyingine. Na mambo yanakoelekea ndiko huko: mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034. Mimi naunga mkono. Moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha. Lakini kuna ufundi mzima wa makaa ya juu na ya chini, makaa mangapi juu, mangapi chini, kwa wali na kwa mkate, ambao umo mikononi mwa watu wanaozeeka. Nani anauandika? Video zipo chungu nzima, nakubali. Video inakuonyesha mkono, haikwambii kwa nini mkono umeongeza kaa la pili.

Mara nyingi naulizwa: ubunifu nitautoa wapi? Mimi nawapeleka kwa Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, muda mfupi hivyo, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Watu wanazungumzia wanyama wake, macho makubwa, rangi zinazowaka. Ulizia vifaa. Alichorea kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, mbao nyembamba za ujenzi, akitumia rangi ya mafuta ya kawaida, ileile ya kupaka baiskeli. Rangi ile haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za wasanii wa Ulaya, na ikikauka inang'aa. Ukiwa nayo huwezi kuhangaika na vivuli vyepesivyepesi. Unaweka rangi moja kwa upana wake, mipaka inaonekana wazi, nukta zinasimama. Nusu ya tunachokiita mtindo kilikuwa ndani ya kopo. Nusu nyingine ni yake, na hiyo hakuna kopo litakalokupa.

Na safari imeingia humo pia. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, na leo ni watalii. Hadibodi haikunjiki. Kitambaa kinakunjwa, kinaingia kwenye begi la ndege. Ndiyo maana ukipita kwenye vibanda leo unakuta vitambaa vingi kuliko hadibodi. Ukiandika juu ya mchoraji na usiulize mteja anabebaje picha kwenda kwao, umeacha sehemu kubwa ya hadithi.

Reli nayo. Reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Upana wa mita moja, mwendo wa taratibu, madirisha yanafunguka. Ukisafiri na treni ile unakula dirishani: treni inasimama, mabeseni yanainuliwa, karanga, mayai, miwa, kuku, unatupa hela unapokea, mara nyingine treni imeshaondoka na muuzaji anakimbia na chenji yako. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme, ya reli pana, kutoka Dar hadi Morogoro na kisha Dodoma, mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Raha tupu, nimeipanda na nitaipanda tena. Ila madirisha hayafunguki. Kwa mara ya kwanza tangu wakati wa Mjerumani, abiria wa Dar hadi Dodoma anaweza kupita vituo vyote bila kunusa kinachopikwa huko. Mwenye beseni yule amehamia wapi? Barabarani? Ameacha? Kijana anayetafuta cha kuandika, nakupa bure: nenda kamtafute.

La simu nitalipitia haraka kwa sababu ninyi mnanizidi. Mawili tu. Picha ya simu inabeba ndani yake tarehe na saa, na kama umeruhusu, hata mahali. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na taarifa hizo zinaondolewa. Kama picha unaitaka kwa kumbukumbu, itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya. Pili, jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, andika maneno ya kila picha unayotaka kuitunza: nani, wapi, nini, bei. Ukisema nitakumbuka, utabaki na picha ya sahani usiyoijua. Na nakala iwe zaidi ya mahali pamoja. Simu huibwa, simu huingia majini, tena hasa safarini.

Haya, naona mikono. Dada mwenye mtandio wa kijani.

(Swali: je, ni lazima kumwomba ruhusa mama lishe kabla ya kumpiga picha?)

Ndiyo, muombe. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, lakini hata pasipo sheria ni adabu tu. Mimi hununua kwanza, nikala, nikaongea, ndipo nikaomba. Namwonyesha picha yenyewe. Akisema uso wangu usiuweke, napiga mikono na jiko, na kwa kazi yangu mara nyingi hiyo ndiyo picha yenye faida.

Kaka, wewe pale.

(Swali: na chakula kikiwa kibaya, niandike?)

Andika, lakini kwa utaratibu uleule: kibaya kivipi? Wali umeshika moshi kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, mvua imenyesha wiki nzima. Hilo linanifundisha kitu. Ila pima mkono wako. Hoteli kubwa inayokutoza laki moja, itaje kwa jina kama una hakika na risiti unayo. Mama anayeuza sahani kwa elfu mbili na mtaji wake ni sufuria nne, eleza wali, jina lake usilitaje. Wa mwisho, halafu tunywe chai. Babu, samahani sikukuona, karibu.