Lipa Upendavyo: Jinsi ya Kuweka Bei ya Gemu Yako kwenye itch.io

Karibuni. Leo tunaiwekea bei gemu ambayo mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua alipe ngapi. Utaratibu huu nitauita lipa upendavyo. Nitatumia gemu yangu ndogo ya mashindano ya ngalawa, na nitaipandisha itch.io, tovuti ya kuuzia gemu, hapa mbele yenu, kuanzia ukurasa mtupu mpaka mahali pesa zinapoingia kwenye simu. Kama gemu yako iko tayari, fungua kompyuta twende pamoja.

Kabla sijabofya chochote, tuelewane jambo moja. Wengi wakisikia lipa upendavyo wanadhani maana yake ni gemu isiyo na bei. Nenda soko la Kongowea, Mombasa, simama mbele ya muuza mashati ya mitumba. Akikwambia mia tano, unaweza kukataa, unaweza kuondoka na kurudi, lakini maneno yenu yote yatazunguka ile mia tano. Hutamtajia elfu mbili, na ishirini utaona haya kuitaja. Aliyetaja kwanza ndiye aliyeweka mipaka. Kwenye gemu ni vivyo hivyo, na kazi yetu kubwa leo ni kuchagua kiasi utakachokitaja kwanza.

Nina mfano wa kweli. Gemu ya World of Goo ilitengenezwa na kampuni ndogo ya 2D Boy, waanzilishi wake Kyle Gabler na Ron Carmel. Ilitoka mwaka 2008 ikiuzwa dola 20. Oktoba 2009, ilipotimiza mwaka, wakasema kwa siku chache kila mtu alipe anachotaka, na kiwango cha chini kikawa senti 1. Wiki ya kwanza walinunua watu wapatao 57,000. Wengi sana, sivyo? Lakini wastani ulikuwa kama dola 2 tu, na kiasi kilicholipwa na watu wengi kuliko kingine chochote kilikuwa ile senti 1. Sasa hapo ndipo penye uchungu: senti hiyo ilimezwa yote na makato ya kampuni ya malipo. Mchezaji amelipa, mtengenezaji hakupata kitu.

Halafu Mei 2010 wakaja Wolfire Games na Humble Indie Bundle. Walifunga gemu kadhaa kwenye furushi moja, World of Goo ikiwemo, pamoja na Aquaria, Gish, Lugaru na Penumbra: Overture. Hapo pia ulilipa upendavyo. Walinunua watu zaidi ya 138,000, zikapatikana zaidi ya dola milioni 1.2, wastani kama dola 9 kwa mtu. Najua utaniambia furushi ni gemu nyingi, na ni kweli. Lakini tazama walichofanya kwenye ukurasa wao. Waliweka wastani wa malipo hadharani, ukibadilika mnunuzi akiona. Walionyesha pia wastani wa watumiaji wa Windows, wa Mac na wa Linux, na watu wa Linux wakawa wanalipa juu kuliko wote. Na mnunuzi aligawa pesa zake mwenyewe: kiasi gani kwa watengenezaji, kiasi gani kwa mashirika mawili ya hisani, EFF linalotetea haki za watu mtandaoni na Child's Play la watoto walioko hospitali. Kwa hiyo kabla hujaandika kiasi chako, ulishajua wenzako wanalipa ngapi na pesa inakwenda wapi. Ule ukurasa wa 2009 ulikuachia uamuzi wote peke yako.

Haya, tuingie kazini.

Hatua ya kwanza ni rahisi, nitaipita haraka. Fungua akaunti itch.io, bofya kutengeneza mradi mpya, andika jina. Kama gemu yako inachezwa ndani ya kivinjari, chagua HTML, kisha pakia faili la zip ambalo ndani yake lina index.html. Ikiwa ni ya kupakua, chagua hiyo nyingine. Picha ya jalada iwe na upana wa pikseli 630 na urefu wa 500. Usipakie picha ya skrini ya menyu. Weka ngalawa yenyewe ikiwa baharini, kwa sababu hiyo picha ndiyo mtu ataiona kwanza.

Hatua ya pili, shuka mpaka mahali palipoandikwa "Pricing". Unaona chaguo tatu. Moja, "No payments", halipokei malipo kabisa, liache. Jingine, "$0 or donate", linamruhusu mtu kuchukua gemu bure au kulipa chochote. Na kwenye "Paid" unaweka kiwango cha chini, na mchezaji anaruhusiwa kulipa zaidi ya hapo. Watu wengi hawajui kwamba hata hilo la "Paid" ni lipa upendavyo, ila lina sakafu, yaani hicho kiwango cha chini.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi tunapoumia. Wanaoanza hupenda kuweka sakafu ya dola 1, wakisema ni kidogo, haitamsumbua mtu. Mimi pia nilianza hivyo. Chukua kalamu tupige hesabu. Makato ya kawaida ya kampuni za malipo ya kadi ni asilimia 2.9 ya malipo, kisha senti 30 juu yake. Dola 1 inakatwa senti 33 papo hapo. itch.io nao wana mgao wao, ambao wewe mwenyewe unauchagua, na usipougusa ni asilimia 10. Senti 10 nyingine hizo. Unabaki na senti 57.

Weka dola 3 tuone. Makato ni kama senti 39, mgao wa itch.io senti 30, unabaki na dola 2 na senti 31. Ukipata mtu akalipa dola 5, unabaki na dola 4 na senti 5. Yaani mtu mmoja aliyelipa dola 5 anakuachia zaidi ya watu watano waliolipa dola moja moja, kwa sababu hao watano wamekatwa senti 30 mara tano. Adui yako ni hizo senti 30, zisizojali malipo ni makubwa au madogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sakafu iwe sifuri, au iwe dola 3 kwenda juu. Hapo katikati usikae. Dola 1 inamfukuza kijana wa mtaani Kisauni asiye na kadi, na yule mwenye kadi inamfanya alipe dola 1 kwa sababu ndiyo uliyoitaja. Umepoteza huku na huku. Gemu yangu ya ngalawa naiweka sifuri, kwa kuwa ni fupi na nataka watoto wa pwani waicheze hata kwenye simu ya kuazima. Nabofya "$0 or donate".

Hatua ya tatu. Chini yake kuna kisanduku cha kiasi unachopendekeza. Kimejazwa dola 2 tayari, na wengi hukiacha hivyo hivyo. Usikiache! Hiyo ndiyo ile mia tano ya Kongowea. Mchezaji akibofya kupakua, ataona kiasi hicho, na hapo hapo maandishi madogo ya kuendelea bila kulipa. Atakayelipa, mara nyingi atalipa ulichoandika au karibu yake. Mimi nafuta 2, naandika 5. Aliyeamua kukupa atakupa, na asiyeweza ana mlango wake hapo hapo, hakuna anayemzuia.

Hatua ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina kitufe. Ni maneno. Juu kabisa ya maelezo ya gemu andika aya fupi, mtu ajue nani kaifanya na pesa inafanya nini. Usiandike "tafadhali nisaidie". Umefanya kazi, hukuja kuomba sadaka. Soma yangu hapa: "Gemu hii nimeitengeneza peke yangu Mombasa, jioni baada ya kazi. Ni bure kuicheza. Ukilipa dola 5, unalipia sauti za bahari na mwimbaji wa ngoma kwa toleo lijalo." Basi, imetosha. Iandike kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwani wenye kadi wengi watatoka nje.

Na wa hapa nyumbani usiwasahau. Aliyeko Kenya anaweza kulipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile ya Visa inayokaa ndani ya M-Pesa, iliyoanza 2022. Weka mstari mmoja wa kumwelekeza. Kuna watu wako tayari kukulipa, wanachokosa ni njia.

Hatua ya tano, kupokea. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako, upande wa malipo. Utaulizwa kama pesa ije kwako moja kwa moja, au itch.io waikusanye kwanza wakutumie baadaye. Mimi nachagua wakusanye, kwa sababu hapo wao ndio wanaohangaika na kodi ya mauzo ya wanunuzi wa Ulaya. Utajaza fomu ya kodi ya Marekani. Usiogope, ni ya kueleza kwamba wewe si mkazi wa huko. Jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kenya, PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, inakubali kutoa pesa kwenda M-Pesa tangu 2018. Ndugu yangu wa Tanzania, Kongo au Burundi, fungua ukurasa huu kabla hata ya kupanga bei, uone ni njia zipi nchi yako imeruhusiwa, kwa sababu kuna nchi ambazo PayPal inakuacha ulipe lakini haikuruhusu kupokea.

Hatua ya sita si ya lazima. itch.io inakuruhusu kuliwekea faili moja bei yake peke yake. Gemu ibaki bure, halafu pakia faili la pili, kwa mfano muziki na michoro, liwe dola 5. Mfano mkubwa wa njia hii ni Dwarf Fortress ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Tangu 2006 waliitoa bure wakaishi kwa michango ya wachezaji. Desemba 2022 wakatoa toleo lenye michoro kwa dola 29.99, na lile la maandishi wakaliacha bure kama zamani. Mwezi huo mmoja waliuza nakala zaidi ya laki nne. Walioicheza bure kwa miaka 16 hawakuwa hasara.

Sasa nabadilisha ukurasa kutoka rasimu kwenda hadharani, nahifadhi. Subiri wiki mbili ndipo ufungue takwimu. Usihesabu waliochukua bure ukanung'unika. Chukua pesa zote zilizobaki baada ya makato, gawa kwa idadi ya waliopakua, andika jibu kwenye daftari na tarehe yake. Kisha badilisha kitu kimoja tu, kiasi cha kupendekeza au ile aya ya juu, usiviguse vyote viwili kwa pamoja, na usubiri wiki mbili nyingine. Yangu inaanza leo na dola 5. Tarehe nimeshaiandika.