Pima Waya Kwanza, Betri Baadaye

Ndugu zangu karibuni. Najua wengi mmekuja na swali moja, fundi ninunue betri gani, lithiamu au jeli, ya ukubwa gani. Mimi kila nikisimama hapa Arusha mbele ya madereva na wenye magari ya kulala nasema neno lilelile na leo nalirudia: angalia waya kwanza.

Kuna dada mmoja aliniletea Land Cruiser, hema juu, frij ya lita 40 nyuma, paneli ya wati 100. Betri ameshabadilisha mara 2. Kila akilala Serengeti, saa nane usiku frij inazima, asubuhi maziwa yameshakuwa mtindi, nyama inanuka. Fundi aliyemfungia anamwambia betri ni feki, nunua kubwa zaidi. Akanunua, ikazima tena.

Nikachukua mita. Kwenye betri volti 12.4. Nikaenda nyuma kwenye tundu la frij, mota inazunguka, napima, 11.5! Jamani, karibu volti nzima imepotelea njiani. Nikainua kapeti nikafuata waya, nakuta ni ule wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5, wa kufungia taa za nyumbani, umetoka kwenye boneti mpaka nyuma, mita 6 kwenda na 6 kurudi, na frij ikiwa inazunguka inavuta ampea 5 hivi. Mwishoni plagi ya sigara, nimeishika ni ya moto. Sasa frij ina kinga yake, imesetiwa ijizime volti zikishuka ili isiue betri, usiku betri ikipungua kidogo tu huko nyuma inaonekana kama imekwisha, frij inazima, kumbe betri bado ina zaidi ya nusu. Nikang'oa ule waya nikavuta wa 10, lagi, vile vichwa vya kufungia mwisho wa waya, nikabana kwa mashine siyo kwa koleo, plagi ya sigara nikaitoa nikaweka konekta inayoshika sawasawa. Napima tena nyuma, 12.3. Betri ileile.

Kuna mtu hapo anasema moyoni, fundi, waya wa 10 ni bei. Ni bei kweli, lakini piga hesabu ya betri 2 alizonunua bure huyo dada. Mwingine atauliza mbona nyumbani waya wa 1.5 unawasha taa miaka yote hauna shida? Nyumbani ni volti 230! Wati 60 kule ni robo ampea tu, wati 60 hizohizo kwenye gari ni ampea 5. Ukipoteza volti moja kwenye 230 hata hujui, ukiipoteza kwenye 12 nyama imeoza. Hili nimelisema mpaka nimechoka na bado kila wiki nafunua kapeti nakuta 1.5.

Na fyuzi ikae jirani kabisa na betri, siyo huko nyuma kwenye frij. Waya ukikwaruzwa na bodi hapo katikati, fyuzi ya nyuma haioni kitu, waya wako unawaka na gari linaondoka nao.

Haya lithiamu sasa. Ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, unatumia 80 mpaka 90, ya asidi, jeli ikiwemo, ukizoea kuvuka 50 unaiua, na kilo ni 12 hivi badala ya karibu 30. Ni nzuri, sibishi, ila usiiunge moja kwa moja na alteneta, inavuta mno na alteneta inaweza kuungua, weka ile chaja ya kati ya betri na betri. Kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, chukua ya aina ya MPPT, kwa ile ya aina ya PWM paneli ya wati 100 unapata kama 70 tu. Paneli inyanyueni kidogo hewa ipite chini maana joto linaipunguza nguvu, na madumu msiyapange pembeni yake, kivuli cha dumu moja kinaweza kukata nusu ya umeme.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nilitaka niiseme kwa kirefu, muda umekwisha. Wati 1000 kwenye volti 12 ni ampea zaidi ya 80, kwa hiyo tunarudi kwenye waya uleule.

Mita ninayo hapa. Nani gari lake liko nje na frij inawaka? Fungua boneti, twende tukapime.