Aliyeiona Ajali Naye Anaweza Kudai?

Ba mama na ba baba, wadogo zangu wa fakilte ya sheria, asanteni kwa kuja.

Lori la madini likigonga minibusi kwenye barabara ya Likasi, majeruhi wanapelekwa hospitali na waliokufa wanaandikwa majina. Lakini kando ya barabara kulikuwa na mama akimsubiri mwanawe ashuke, akaona yote. Mwilini hana hata mkwaruzo. Tangu siku ile halali, soko limemshinda, akisikia honi anatetemeka. Sheria inamtambua huyu?

Waingereza wamelijibu swali hilo kwa hofu ya mahakama kujaa kesi. Mwaka 1982 walimkubalia mama aliyefika hospitali saa mbili hivi baada ya ajali, akakuta binti amekufa, mume na watoto wengine wamejeruhiwa, bado wana matope na mafuta mwilini. Kisha likaja janga la uwanja wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, ambalo waliokufa walifikia 97. Katika hukumu ya mwaka 1991, masharti yalikazwa: uwe na upendo wa karibu na aliyeumia, uwe pale pale au ufike mara tu baadaye, ujionee au ujisikilizie mwenyewe. Waliotazama kwenye televisheni walishindwa. Upendo wa mzazi, mtoto, mume, mke au mchumba unakubaliwa mpaka mtu aupinge. Ndugu wa tumbo moja sharti authibitishe. Mtu mmoja alikuwa ndani ya uwanja, akapoteza kaka zake wawili, akakosa fidia kwa sababu hakuleta ushahidi wa ukaribu wao. Kaka wawili! Mimi nasema hapo sheria ilikosea. Hapa Lubumbashi, ambako mjomba ndiye anayelipa minervali, yaani ada ya shule, ya mpwa wake, kipimo hicho kingewafukuza watu walioumia kweli.

Sheria yetu ya Kongo inauliza mengine. Kifungu cha 258 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kinamlazimu kila aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuirekebisha. Hakina orodha ya ndugu, wala hakiulizi ulisimama wapi. Juji anatafuta kosa, hasara ya hakika iliyokugusa wewe mwenyewe, na kama hasara hiyo imetokana na kosa lile. Inaweza kuwa hasara ya moyo tu.

Ila mama yetu akija na machozi peke yake, avoka wa upande wa pili atamshinda. Aende kwa daktari mapema, apate cheti chenye jina la ugonjwa na tarehe. Aombe nakala ya PV, yaani ripoti rasmi ya polisi. Atafute waliomwona pale barabarani.

Kuhusu kiasi cha pesa, juji anakadiria kwa haki na busara yake, kwa hiyo familia mbili zenye msiba unaofanana zinaweza kupewa viwango vilivyo mbali sana. Hili linaniuma. Juji aandike katika hukumu jinsi alivyofikia kiwango chake, ili anayekata rufaa awe na kitu cha kupinga.