Tengeneza chemba ya mawingu uone njia ya atomu iliyovuliwa elektroni

Haya wadau, karibuni tena mezani kwangu. Leo tunashughulika na atomu iliyo uchi wa mnyama: heliamu iliyovuliwa elektroni zake zote mbili, kikabaki kiini kitupu chenye protoni 2 na nyutroni 2. Wanafizikia wanakiita chembe ya alfa. Chenyewe hatutakiona, ni kidogo mno. Tutaona kinavyowafanyia wenzake njiani, kwa chemba ya mawingu: chombo chenye mvuke wa alkoholi unaogeuka matone pale kinapopita.

Vifaa. Chombo cha plastiki angavu. Hiki changu kilikuwa cha keki. Kipande cha sponji. Bati nililolipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tochi. Barafu kavu kilo 2 hivi, mimi huipata kwa watu wanaosafirisha aiskrimu. Na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Hapo sikiliza vizuri, maana mara ya kwanza nilichukua ile ya duka la dawa ya asilimia 70, nikakaa gizani saa nzima natazama ukungu. Maji yake yanaharibu kila kitu.

Sasa kinachotoa alfa. Hii ni sindano ya tungsteni ya mafundi wanaochomelea kwa gesi ya agoni. Ona ncha yake, imepakwa nyekundu: maana yake ndani kuna oksidi ya thoriamu, asilimia 2 hivi. Thoriamu ni metali nururishi, viini vyake hutema alfa. Usiinoe wala kuikata, kwa sababu hatari yake iko kwenye vumbi likiingia mapafuni. Ikiwa nzima hivi, alfa zake hazipenyi hata ngozi. Ukimaliza, nawa mikono.

Tuanze. Funga sponji kwa waya kwenye kitako cha chombo, upande wa ndani. Usitumie gundi, alkoholi itailegeza. Lowesha sponji mpaka ishibe, lakini isidondoshe. Vaa glavu nene, fungua madirisha, na pasiwe na moto karibu. Barafu kavu ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza kama pasi. Itandaze kwenye trei, weka bati juu yake, laza sindano juu ya bati, kisha funika kwa chombo kikiwa kichwa chini. Ziba ukingo kwa udongo wa watoto wa kuchezea. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, chini kabisa, karibu na bati.

Subiri dakika 10 hadi 15. Mvuke wa alkoholi unashuka kutoka kwenye sponji, ukifika chini unakuta baridi kali. Unataka kugeuka matone ila hauna pa kushikia.

Hapo! Umeuona? Mchirizi mnene, mweupe, mnyoofu kama rula, umetokea pembeni mwa sindano na kufifia. Sogeza jicho, kuna mwingine huu.

Kilichotokea ni hiki. Kiini kimeruka kwa kasi ya kilomita 14,000 hivi kwa sekunde, na kina chaji chanya mbili. Wengi wanadhani kinagonga atomu za hewa kama gololi. Mara nyingi hakigongi. Kinapita jirani, na mvuto wake unazing'oa elektroni za naitrojeni na oksijeni bila kuzigusa. Kila elektroni iliyong'oka inakipunguzia wastani wa elektronivolti 35 (kipimo kidogo mno cha nishati), na alfa ya thoriamu inaanza na kama milioni 4. Piga hesabu: ndani ya sentimita mbili na nusu za hewa kinaacha majeruhi zaidi ya laki moja. Majeruhi hao ni ioni, yaani chembe zenye chaji, na molekuli za alkoholi, zenye upande chanya na upande hasi, hukimbilia kuzing'ang'ania. Tone linazaliwa. Kwa hiyo mchirizi huu ni foleni ya majeruhi. Mwenyewe kashapita zamani.

Mbona hakipindi? Kina uzito wa mara 7,300 hivi wa elektroni. Lori halihamishwi njia na nzi. Ila siku moja moja kinakutana uso kwa uso na kiini cha naitrojeni. Mwanafizikia Patrick Blackett, kule Cambridge, Uingereza, alipiga picha zipatazo 23,000 za chemba kama hii, na mwaka 1925 akaonyesha michirizi 8 tu ambapo alfa imemezwa na naitrojeni ikageuka oksijeni. Sitakuahidi utauona leo.

Mwisho wa mchirizi ndio ninaoupenda mimi. Kiini kikichoka kinakaa muda mrefu zaidi karibu na kila atomu, kinang'oa nyingi zaidi, halafu kinaanza kujivika: elektroni moja, kisha ya pili. Hakuna atomu isiyo na chaji inayoshikilia elektroni zake kwa nguvu kuliko heliamu, kwa hiyo ikizipata haiachii. Sasa ni gesi ya kawaida, ile ya maputo. Heliamu iliyogunduliwa Rukwa ilitengenezwa hivyohivyo, na urani na thoriamu za miamba ya kale.

Jaribio la mwisho kabla barafu haijaisha. Inua chombo, funika sindano kwa kipande cha karatasi, rudisha, ngoja dakika chache. Michirizi minene imekatika. Inayobaki, myembamba na iliyopindapinda kama uzi uliodondoka, ni ya elektroni zenyewe. Nyepesi mno hizo, kila jirani anazisukuma.