Afya ya Msitu Huulizwa kwa Miche Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, maofisa misitu na wanafunzi, nawashukuru kwa kunialika.

Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: tunajuaje kwamba msitu ni mzima? Picha za satelaiti hutuonyesha palipo na miti na palipofyekwa, na manufaa yake ni makubwa, lakini haziwezi kuona kinachoota chini ya matawi. Kwa hiyo nitawapeleka Usambara Mashariki, mkoani Tanga, mahali ambapo misitu imechunguzwa kwa muda mrefu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo pale Amani mwaka 1902, na leo sehemu kubwa ya msitu unaokizunguka imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380.

Mashamba ya chai, mashamba ya wanavijiji na uvunaji wa mbao vimeugawa msitu ule vipande vipande, vingine vikubwa, vingine vya hekta chache tu. Tangu mwaka 1987 mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege katika vipande hivyo kwa nyavu laini zinazotandazwa karibu na ardhi. Kila ndege hutolewa wavuni kwa uangalifu, hupimwa, huvishwa pete yenye namba mguuni, kisha huachiwa, na akinaswa tena baada ya miaka, namba ile hueleza kwamba bado yu hai na kwamba hakuhama. Kazi hiyo imeonyesha kwamba ndege wanaoishi chini ya miti mikubwa hutoweka katika vipande vidogo vilivyo mbali na msitu mkubwa, kwa kuwa wengi wao, waliozoea kivuli, hawathubutu kuvuka hata eneo dogo la wazi.

Ndege wakiondoka, miti inapatwa na nini? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwaka 2001 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika vipande hivyohivyo. Walihesabu miche na miti michanga ya spishi 31 ambazo mbegu zake husambazwa na wanyama, wakakuta kwamba katika msitu usiokatika na katika vipande vya hekta 30 au zaidi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile iliyokuwa katika vipande vya hekta 9 au pungufu. Spishi 8 ambazo mbegu zake hupeperushwa na upepo au hudondoka zenyewe hazikuonyesha tofauti hiyo. Linganisheni makundi hayo mawili kwa makini: yanaota katika vipande vilevile, chini ya mvua ileile, ila kundi moja linamhitaji mbebaji na jingine halimhitaji.

Maana yake ni nzito. Mti mkubwa unaosimama leo katika kipande cha hekta tano ulipandwa na ndege au nyani wa enzi ambayo msitu ulikuwa bado umeungana. Unachanua na kuzaa, lakini matunda yanaozea chini yake, na ukianguka hauna mrithi. Ripoti inayohesabu hekta zenye miti itaendelea kukiandika kipande hicho kuwa ni msitu kwa miaka mingi, na kwa kweli itakuwa inahesabu wazee wasio na watoto.

Wala si kila mche ni habari njema. Msizi, ambao kisayansi huitwa Maesopsis eminii, uliletwa Usambara kutoka eneo la Maziwa Makuu, ukasambaa sana katika sehemu zilizofunguliwa na uvunaji wa mbao. Hondohondo huyapenda matunda yake na huzibeba mbegu zake mbali. Ndege yuleyule anayeihudumia miti ya asili amemhudumia na mgeni, ndiyo maana anayehesabu miche ni lazima aitambue kwa spishi, na kazi hiyo haifanyiki bila wazee na vijana wa vijijini wanaoujua kila mti kwa jani na kwa gome.

Mnajua tayari kwamba maji ya mto Zigi yanayofika jijini Tanga yanatoka katika milima hii. Kuhusu kaboni, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba misitu ya milimani barani Afrika huhifadhi wastani wa tani 149 kwa hekta katika miti iliyo juu ya ardhi. Takwimu hiyo ilipatikana kwa watu kuingia msituni na utepe mkononi, wakipima kipenyo cha mti mmoja mmoja katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini.

Kuviunganisha vipande kunawezekana, lakini kuna gharama, na haifai gharama hiyo abebeshwe mkulima peke yake. Ushoroba wa Derema ulipotengwa ili kuiunganisha misitu, wakulima wa iliki waliondolewa mashambani mwao, na suala la fidia liliacha uchungu. Naamini kwa dhati kwamba fidia ya haki, inayolipwa kwa wakati, ni sehemu ya sayansi ya uhifadhi kama zilivyo nyavu na tepe zetu.

Ninayoyaomba ni mawili. Kwanza, tathmini za hifadhi zetu ziwe na safu ya miche, spishi kwa spishi, kando ya safu ya hekta. Pili, ninyi mnaotafuta mada za tasnifu, msianzishe viwanja vipya vya utafiti kabla ya kuuliza vya zamani viko wapi. Kiwanja kilichopimwa mara moja hutuambia kilichopo tu. Kikipimwa tena baada ya miaka kumi, hutuambia kipi kimekufa, kipi kimezaliwa, na nani alikibeba.