Kilishio Kimejaa, Ndege Ana Njaa: Mhadhara kuhusu Vyombo vya Mbegu na Maji vya Finchi

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wafugaji wenzangu, wazee kwa vijana, nashukuru sana kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya chupa za maji na vyombo vya mbegu kwa finchi, ndege wadogo wala mbegu tunaowafuga majumbani. Nitamtaja zaidi finchi milia, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu ambaye asili yake ni Australia, maana ndiye aliyejaa katika matundu yetu hapa Mombasa. Wenye kanari na chiriku nao watapata lao, na pale tabia zao zinapoachana nitasema.

Hoja yangu ni hii: chombo kuonekana kimejaa si ushahidi kwamba ndege amekula au amekunywa. Finchi anaweza kufa njaa mbele ya kilishio kilichojaa hadi ukingoni, na anaweza kufa kiu ubavuni mwa chupa ya maji safi.

Mtazameni mwili wake kwanza. Ana uzito wa gramu 12 hivi. Kwa siku anakula mbegu za karibu gramu 3, yaani robo ya uzito wake. Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi na hauna akiba ya kutosha. Kuku akikosa chakula kutwa nzima atakuja kukulalamikia jioni. Finchi huenda jioni hiyo usimkute.

Sasa tazameni anavyokula. Hamezi mbegu na ganda lake. Huiweka pembeni mwa mdomo, huibana, huigeuza kwa ulimi mpaka ganda lipasuke, kisha humeza kiini na kuliacha ganda lidondoke. Linadondokea wapi? Mara nyingi humo humo chomboni. Baada ya saa chache bakuli la ulezi limefunikwa na makapi yenye rangi ile ile ya mbegu. Mwenye nyumba anapita, anachungulia, anaona limejaa, anakwenda zake kazini.

Hiki hapa nimekitoa tunduni leo alfajiri kabla sijakigusa. Mlioko mbele mnaona: kimejaa. Napuliza... Mmeona yaliyoruka? Zilizobaki hata chini ya chombo hazienei. Basi kila asubuhi toa chombo, kipeleke nje, kipulize ukiwa umeupa upepo mgongo, ndipo uongeze mbegu. Ukiongeza bila kupuliza, unazika mbegu nzuri chini ya makapi, na finchi hana desturi ya kuchimba chini sana.

Kwa sababu hiyo napenda bakuli pana lisilo na kina, mbegu zisizidi sentimita 2. Kile kilishio cha mnara, ambacho mbegu zinashuka zenyewe kutoka juu, ni kizuri kwa mtu mwenye ndege wengi, na sikikatazi. Lakini hapa Pwani wakati wa masika hewa ina unyevu, mbegu hushikana, na mlango wa chini huziba huku mnara umejaa. Kigonge kila asubuhi na uhakikishe kwa macho kwamba mbegu zimeteremka. Kagua pia matundu ya kilishio, yale ndege anayochukulia mbegu. Yawe madogo kiasi kwamba kichwa hakipiti, au makubwa kiasi kwamba kinaingia na kutoka bila taabu. Yale ya kati na kati ndiyo mtego: kichwa kinaingia, manyoya yanakwama wakati wa kutoka.

Mbegu zenyewe sitazikalia sana leo. Ulezi, uwele mdogo na mbegu za kanari zinafaa. Mtama ni mkubwa mno kwa mdomo wa finchi milia, na chombo kilichojaa mtama kitabaki kimejaa.

Na msiweke kilishio kimoja. Katika kila tundu yupo dume mmoja mbabe anayekaa mlangoni na kuwafukuza wenzake. Weka viwili, kimoja kila upande, ili asiweze kulinda vyote. Wala visikae chini ya vijiti vya kutulia, ndege watavichafua kwa kinyesi.

Tuje kwenye maji. Finchi milia hanywi kama kanari. Kanari huchota tone, huinua kichwa, likateremka kooni. Finchi milia huzamisha mdomo na kuvuta maji mfululizo bila kuinua kichwa, kama njiwa. Kwa hiyo anahitaji kidimbwi, hata kiwe kidogo, ambacho ncha ya mdomo itazama. Chupa ya gololi, ile ya sungura inayotoa tone ukiigusa, wapo finchi wanaojifunza kuitumia, lakini kwa ndege anayevuta maji si chaguo langu la kwanza. Afadhali kinyweshio cha chupa iliyopinduliwa, kinachofanya kazi kama kile cha vifaranga wa kuku: chupa juu, kikombe kidogo chini.

Jueni kinavyofanya kazi, maana matatizo yake yote yanatoka hapo. Maji hayamwagiki kwa sababu mgandamizo wa hewa ya nje unayazuia. Ndege akinywa, maji ya kikombeni yanashuka, kiputo cha hewa kinapanda ndani ya chupa, na maji kidogo yanateremka kufidia. Chupa ikiwa na ufa juu, hewa inaingia na maji yote yanamwagika. Ikipigwa na jua la mchana ikiwa nusu, hewa iliyomo ndani inatanuka na kuyasukuma maji nje; unarudi jioni, sakafu imelowa, chupa kavu. Watu huibadilisha chupa wakidhani ni mbovu, kumbe ilihitaji kivuli. Na kinyume chake: shingo ikiwa nyembamba sana, kiputo hukwama, maji hayateremki. Chupa imejaa, kikombe kikavu. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Kila unapoijaza, igonge kidogo, gusa maji ya kikombeni kwa kidole, usubiri uone kiputo kimepanda.

Usafi nao una sababu zake. Kule Uingereza, tangu mwaka 2005, kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae kimewaua finchi wa kijani wa porini kwa wingi mno, na kilienea zaidi penye vyombo vya chakula na maji ambavyo watu wema waliwawekea bustanini. Marekani mwaka 1994 ulianza ugonjwa wa macho wa finchi wa porini waitwao kwa Kiingereza house finch, ukapita kwenye vilishio vya mnara: ndege mgonjwa anaingiza kichwa, anaacha vijidudu ukingoni, mwenzake anavipaka machoni. Kimelea hicho cha kwanza kina udhaifu mkubwa: hakivumilii kukauka. Kwa hiyo nunueni seti 2 za vyombo. Moja iko tunduni, nyingine imesuguliwa kwa brashi ya chupa za mtoto, imesuuzwa vizuri, inakauka juani. Kesho mnabadilishana. Maji yabadilishwe kila siku hata kama chupa ni ya siku 3, na msitie sukari wala vitamini za unga bila kuambiwa na daktari wa mifugo. Vitu hivyo hulisha utando unaoteleza ndani ya chupa.

Sasa kumzoesha ndege chombo kipya. Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, maana finchi huogopa kitu kigeni, na mtu mwenye haraka humnyima maji bila kukusudia. Usiondoe chombo cha zamani siku unayoleta kipya. Kaa na vyote viwili. Kipya kiweke mbele ya kijiti anachokipenda, usawa wa kichwa chake, kisha uondoke. Kwa kilishio, nyunyiza mbegu chache mdomoni mwa chombo zionekane. Finchi hujifunza kwa kuangaliana. Ukiweza kuazima mmoja mwenye afya anayejua chupa, ambaye umemtenga kwanza ukahakikisha hana ugonjwa, atawafundisha wenzake kuliko wewe.

Utajuaje wanakunywa? Chora alama ya kiwango cha maji kwa kalamu. Lakini maji hupungua pia kwa joto na kwa kuvuja. Basi tundika chupa nyingine ya aina ile ile nje ya tundu, karibu yake, nayo uichore alama. Ikiwa hakuna inayovuja, tofauti ya upungufu kati ya hizo mbili ndiyo, kwa kukadiria, iliyoingia midomoni. Kisha, siku uliyo nyumbani, ondoa bakuli la zamani asubuhi kwa saa 2 tu, ukae mbali utazame. Kila ndege umwone kwa macho yako akizamisha mdomo. Umeona watano kati ya sita? Rudisha bakuli. Huyo wa sita ndiye unayemtafuta.

Dalili zake mzijue: kinyesi kidogo, kikavu, kigumu, manyoya yametutumka mchana wa jua, na mbegu hazigusi, kwa sababu ndege mwenye kiu huacha kula mbegu kavu. Mizani ndogo ya gramu inasaidia sana. Gramu 1 kwetu si kitu, lakini kwa ndege wa gramu 12 ni hasara kubwa.

Nawasikia wengine wakisema huyu ni ndege wa nyika kavu, anavumilia kiu. Ni kweli kwao ni pakavu, lakini porini huishi karibu na maji na huyafuata kila siku. Wako amezoea kunywa muda wowote, na yumo ndani ya tundu; hawezi kuruka kwenda kutafuta mto.

Wenye makinda, sikilizeni hapa. Makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 18 hadi 20, na hulishwa na wazazi hadi karibu siku ya 35. Katika muda huo hawajui chupa ni nini. Wawekeeni sahani ya mbegu sakafuni na maji ya kina kifupi yenye vijiwe ndani, wasizame. Msihamishe wala kubadilisha chombo chochote mpaka wajitegemee. Na hata tundu lenye chupa nzuri kabisa bado linahitaji beseni dogo la kuogea: liwekeni kabla ya adhuhuri, waoge, mliondoe kabla hawajayanywa maji yake yakiwa machafu.

Vyombo nilivyovitaja viko hapa mezani, pamoja na chupa yenye ufa. Ndoo ya maji iko chini. Njooni mzijaze, mzipindue, muone kiputo kinavyopanda, na mwenye swali aniulize akiwa na chupa mkononi.